Darasa la Mikono: Sanaa na Ufundi kwa Watu Wazima ni Sehemu ya Afya



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na chanjo. Safari hii tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya: watu wazima kukutana mara kwa mara kujifunza kazi za mikono kwa ajili ya kujiburudisha. Tunazungumzia kusuka ukili, kufinyanga, kufuma, kudarizi, kuchora, kuchonga na kazi nyingine za namna hiyo. Hatuzungumzii mradi wa biashara, wala shule yenye mtihani na cheti.

Tunaandika tukiwafikiria hasa wasomaji wetu wa Misugusugu na vitongoji vya jirani, kandokando ya barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha Mjini na Mlandizi. Hata hivyo tunayoyasema yanafaa popote palipo na kivuli cha mwembe na watu kumi walio tayari kuketi pamoja.

AFYA NI NINI?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inatufundisha kwamba afya si kukosa ugonjwa tu. Mtu mwenye afya ni yule aliye mzima wa mwili, wa akili na wa mahusiano yake na wenzake. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupimwa damu, mkojo na mapafu, vyote vikaonekana safi, na bado asiwe mzima.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ameendesha malori kwa miaka thelathini. Sasa amestaafu na amejenga nyumba yake Misugusugu. Kila siku anaketi mbele ya nyumba akitazama malori ya wenzake yakipita kwenda Morogoro na nchi za jirani. Watoto wako mjini, mkewe anashinda shambani. Saa nne asubuhi hana la kufanya, saa kumi hana la kufanya. Jioni anakwenda kilabuni, si kwa sababu ana kiu ya pombe, bali kwa sababu ndiko waliko watu. Baada ya mwaka mmoja kiu ya pombe nayo imekuja.

Tuchukue mfano mwingine. Mama amefiwa na mumewe. Arobaini imepita, ndugu wamerudi makwao. Mama huyu anapika kidogo, anakula kidogo, halali usiku. Akiulizwa hali anajibu, "Namshukuru Mungu." Kanisani anakaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Hana homa wala kikohozi, lakini anadhoofika.

Watu wa namna hii tunao katika kila Jumuiya. Mwaka 2025 Tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya watu ilitoa taarifa kwamba duniani mtu mmoja kati ya sita anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari na sonona, yaani huzuni ya muda mrefu inayomnyima mtu nguvu ya kuishi. Kwa hiyo tukimwona mzee amekaa peke yake siku nzima, tusiseme tu "anapumzika." Tujiulize kama hajaanza kuugua.

MAMBO HAYA SI MAGENI KWETU

Pengine msomaji atasema kwamba madarasa ya kujiburudisha ni mambo ya Wazungu waliostaafu na pensheni nono. Sivyo. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na darasa hilo bila kuliita darasa. Alasiri, kazi za shamba zikiisha, akina mama walikutana kibarazani kila mmoja na ukili wake. Mikono inasuka, mdomo unazungumza. Aliyekuwa na mgonjwa alipata ushauri, msichana alifundishwa na bibi yake, na mgeni alijulikana. Wanaume nao walikuwa na bao, kusuka kamba na kuchonga mipini na vinu. Wazaramo wamejulikana mbali kwa uchongaji wao, hasa kile kinyago kidogo cha mwana hiti kinachohusiana na malezi ya mwali.

Kilichobadilika ni maisha. Viwanja vimepimwa na kuzungushiwa uta. Jirani ni mtu aliyehamia mwaka jana kutoka Dar es Salaam au mkoani. Mkeka unanunuliwa dukani, ni wa plastiki. Mkeka tumeupata, lakini kibaraza tumekipoteza.

Taifa letu pia lina historia ya kuwafundisha watu wazima kwa vikundi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya." Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma vijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Tunajifunza nini hapo? Kwamba mtu mzima habadiliki kwa kuamriwa. Hubadilika akiwa na wenzake, wakitenda jambo pamoja kwa mikono yao.

Hapa Kibaha tuna ushahidi mwingine. Nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha mwaka 1963 mradi uliokuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kile cha wakulima ndicho kilichokuja kuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha. Kisarawe nako kuna chuo cha namna hiyo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, ambako watu wazima wamekuwa na shule zao tangu mwaka 1868. Sweden nao walijifunza kwa Denmark, ambako shule ya kwanza ya wananchi ilifunguliwa mwaka 1844. Wazo lao lilikuwa jepesi kueleza: mkulima na fundi wana haki ya kujifunza hata baada ya ujana, na waweza kujifunza bila hofu ya mtihani.

Kanisa nalo halikukaa pembeni. Katika miaka ya 1970 Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Hapo vijana na watu wenye ulemavu walipata mahali pa kuchora, kutengeneza batiki na kufanya ufundi mwingine. Katika jiji hilohilo, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru ambaye hakusoma chuo chochote cha sanaa, alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya ubao laini kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wake unaitwa kwa jina lake hadi leo. Hakungoja rangi za gharama. Alianza na alichokipata.

MIKONO IKIFANYA KAZI, MWILI UNAPATA NINI?

Mwaka 2019 Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Kanda ya Ulaya ilichapisha taarifa iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya. Nyingi zilifanyika katika nchi tajiri, lakini mwili wa binadamu ni mmoja. Taarifa ile ilionyesha kwamba sanaa husaidia kuzuia baadhi ya matatizo ya afya na kuwasaidia wagonjwa kuishi vizuri zaidi na ugonjwa wao. Tueleze kwa maneno ya kawaida jinsi jambo hili linavyotokea.

1. Akili inapumzika. Anayesuka ukili lazima ahesabu miyaa: huu juu, huu chini, huu unakunjwa. Akianza kuwaza deni la dukani, mstari unaharibika na inabidi afumue. Kwa hiyo kwa saa moja au mbili mawazo mazito yanakaa pembeni. Pumzi inatulia na misuli ya shingo inalegea. Deni litakuwapo akirudi nyumbani, lakini atalikabili akiwa na nguvu mpya.

2. Vidole na macho vinafanya mazoezi. Kufuma, kudarizi na kufinyanga vinahitaji vidole kushirikiana na macho. Ndiyo maana hospitalini wako wataalamu wa tiba kazi, ambao humsaidia mgonjwa kurudia shughuli za maisha kwa kutenda. KCMC huko Moshi kuna shule ya kuwaandaa wataalamu hao. Mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono wake umelegea aweza kunufaika na kazi kama kukanda udongo, lakini kwanza aulize hospitali ni kazi gani inamfaa.

3. Ubongo unapata chakula chake. Ubongo wa mtu mzima unaendelea kujifunza. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni. Miongoni mwa hayo ni kutengwa na watu, kutosikia vizuri na kutoona vizuri bila kutibiwa. Darasa la mikono linamtoa mtu katika upweke, na wakati huohuo linafichua mapema kwamba fulani haoni tundu la sindano au hasikii anachoambiwa.

4. Mtu anajiona ana thamani. Mgonjwa wa muda mrefu huzoea kupokea tu: analetewa uji, analetewa dawa, anasindikizwa. Siku anapomaliza kawa lake la kwanza na kumpa mjukuu, ametoa. Jambo hili dogo humwinua mtu kuliko maneno mengi ya kumfariji.

5. Kuna mtu wa kumkosa. Katika darasa la watu kumi na wawili, mmoja asipokuja wiki mbili atatafutwa. Tunaomba msomaji alikumbuke hili kuliko yote manne tuliyotaja juu. Wapo wagonjwa waliookolewa kwa sababu tu kulikuwa na mtu aliyeuliza, "Mbona mama fulani simwoni?"

DARASA SI DAWA YA KILA UGONJWA

Hapa tunaomba tueleweke vizuri. Mwenye shinikizo la damu asiache vidonge kwa sababu anafuma vitambaa. Mwenye kisukari aendelee na kliniki yake. Sonona nayo ni ugonjwa, siyo uvivu wala upungufu wa imani. Tukiona ndugu yetu, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ana huzuni karibu kila siku, hapendi tena vitu alivyovipenda, halali au analala mno, hali au anakula mno, na anajiona hana maana, tumpeleke zahanati au kituo cha afya. Wakishindwa watamwelekeza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Akitamka kwamba anataka kufa au kujiua, tusimkemee na tusimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Padre na wanajumuiya wamwombee na kumtembelea, lakini tiba isicheleweshwe.

Darasa ni kinga kwa aliye mzima na mkongojo kwa anayepona. Wenye kuwahudumia wagonjwa wa akili nchini wamelijua hilo muda mrefu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 kulianzishwa vijiji ambamo wagonjwa walioanza kupata nafuu waliishi wakilima na kufanya kazi za mikono kabla ya kurudi makwao.

JINSI YA KUANZISHA DARASA

Hatua ya kwanza: tafuteni wanaojua. Msianze kwa kutafuta mfadhili. Anzeni kwa kuuliza katika Jumuiya na mtaani: nani anajua kusuka ukili? Nani alikuwa fundi cherehani? Nani anachonga mipini? Misugusugu haikosi bibi anayejua mkeka, wala mtu aliyepita Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Mzee yule wa malori anajua kufunga na kusuka kamba kuliko sisi sote. Mpeni nafasi ya kufundisha, hapo mmeshamtibu nusu.

Hatua ya pili: shirikisheni mtaa mzima. Sisi wa Pwani tunaishi Wakristo na Waislamu nyumba kwa nyumba, na upweke hauulizi dini. Mpeni taarifa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata. WAWATA na wanaume wa parokia waanze, lakini mlango uwe wazi kwa wote. Msipange kukutana Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na mwezi wa Ramadhani muulizane saa ipi inawafaa waliofunga.

Hatua ya tatu: wekeni siku moja na saa moja, msizibadilishe. Kwa mfano, Jumamosi saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja jioni. Saa mbili zinatosha. Mkimaliza mapema, wenye kutoka mbali watafika nyumbani kabla ya giza na kabla mbu wa usiku hawajaanza kuuma. Watu kumi mpaka kumi na watano wanatosha kwa mwalimu mmoja.

Hatua ya nne: chagueni kazi rahisi yenye mwisho wa karibu. Anayeanza asipewe mkeka wa kulalia. Apewe kipepeo cha kupepea moto, kawa dogo au kitambaa kidogo cha kufuma. Mtu mzima akimaliza kitu katika wiki mbili au tatu atarudi. Akishikilia kitu miezi minne bila kukiona mwisho wake, atatafuta udhuru.

Hatua ya tano: anzeni na vifaa vya hapa. Ukindu na miyaa, udongo wa mfinyanzi, mabaki ya vitambaa ya mafundi cherehani, vifuu vya nazi, magunzi, mifuko ya saruji ya kuchorea. Kila mmoja achangie kidogo cha kununulia sindano, nyuzi na rangi, na matumizi yasomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya sita: mwombeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii aje mara moja kwa mwezi. Aje kwa nusu saa tu, wakati mikono ikiendelea na kazi. Siku moja aeleze juu ya shinikizo la damu, siku nyingine juu ya kifua kikuu, siku nyingine juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Watu wanaosuka husikiliza vizuri na huuliza maswali ambayo wasingeuliza mkutanoni. Ikipatikana mashine ya kupimia presha, wapimwe. Mwenye kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi aende kituoni akapimwe tena.

KUJIKINGA WAKATI WA KAZI

Kazi za mikono zina madhara yake zikifanywa ovyo. Tuzingatie yafuatayo.

Macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, wengi wetu hatuoni vizuri vitu vya karibu. Hili si uchawi wala si ugonjwa wa kutisha, ni umri, na miwani ya kusomea inatosha. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kutangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wafanyakazi waliopewa miwani ya namna hiyo, miongoni mwao wakiwa mafundi wa kazi za mikono, kipato chao kiliongezeka kwa karibu theluthi moja katika miezi minane. Mwenye kusogeza sindano mbali ili aone tundu apimwe macho. Na kazi ifanyike penye mwanga wa kutosha.

Mgongo na miguu. Anayekaa mkekani saa mbili bila kuinuka ataumwa kiuno. Kila nusu saa wote wasimame, wanyooshe mikono na kutembea kidogo. Wazee wenye magoti mabovu wakalie viti au vigoda. Wasukaji wengine hushika ncha ya ukili kwa kidole gumba cha mguu. Mwenye kisukari asifanye hivyo, kwa kuwa miguu yake yaweza kuwa imekufa ganzi, akapata mchubuko asiousikia, na kidonda kikawa kikubwa. Afunge ncha hiyo kwenye mguu wa kiti.

Vumbi. Udongo mkavu wa kufinyangia na unga wa mbao hudhuru mapafu. Udongo ukandwe ukiwa na maji, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia. Anayechonga, hasa mpingo, akae penye upepo na afunike pua na mdomo. Mwenye pumu achague kazi nyingine.

Rangi na dawa. Sufuria ya kuchemshia rangi ya ukindu iwe ya rangi tu, isirudi jikoni hata ikioshwa mara kumi. Wanaotengeneza batiki hutumia kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho. Wavae glovu, wafanyie kazi nje, na soda iongezwe kidogo kidogo ndani ya maji, siyo maji kumwagwa juu ya soda. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi na kupelekwa kituoni. Nta isiyeyushwe juu ya moto moja kwa moja, bali ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto. Dawa yoyote isitiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana watoto watainywa.

Maji ya kulowekea. Ukindu hulowekwa ili ulainike. Maji hayo yamwagwe baada ya kazi, au chombo kifunikwe. Kibaha ndiko kilikojengwa kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, itakuwa aibu darasa letu likiwa linawafuga.

Vidonda. Mkato wa kisu au mchomo wa sindano uoshwe kwa sabuni na maji safi. Jeraha lenye kina au uchafu likaangaliwe kituoni kwa ajili ya kinga ya pepopunda. Sindano iliyomchoma mtu isitumiwe na mwingine kabla ya kuchemshwa.

KWA NINI MADARASA HUFA?

Vikundi vingi huanza kwa shangwe na kufa kabla ya masika mawili. Sababu kubwa, kwa maoni yetu, ni fedha kutangulizwa. Kikundi kinaundwa leo, kesho wanazungumza soko, keshokutwa wanafungua akaunti. Mikeka ikikosa mnunuzi, watu wanasema kazi haina faida na wanaacha kuja. Ikipata mnunuzi, unaanza ugomvi: nani amesuka mingi, nani ameshika fedha. Mama yule mjane aliyekuja kutafuta watu amekuta kesi, anarudi kukaa peke yake.

Hatusemi kuuza ni dhambi. Watu wa Misugusugu wana karo za kulipa, na mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa asuke kwa ajili ya burudani. Tunachoshauri ni kutenganisha mambo mawili. Darasa libaki darasa: yeyote anakuja, hata asiyeweza kusuka vizuri, hata mwenye mikono inayotetemeka. Wale wanaotaka kuuza waunde kikundi chao, wenye katiba na hesabu zao, na wakutane siku nyingine. Hivyo soko likianguka, darasa halitaanguka.

Sababu ya pili ni kumtegemea mtu mmoja. Mwalimu akihama, kila kitu kinakwisha. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza wateuliwe wawili wa kumsaidia kufundisha.

Sababu ya tatu ni wanaume kuona haya. Wanadhani darasa ni la akina mama. Wapangiwe kazi wanazozizoea kwanza: kamba, vigoda, mipini, kutengeneza mitego ya samaki, kuchora mabango ya parokia. Wakishakaa, wengine watajikuta wanajifunza na kufuma, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sababu ya nne ni majira. Wakati wa kupalilia na wakati wa kuokota korosho watu ni wachache. Msivunjike moyo wala msifunge. Hata wakija watatu, darasa lifanyike, kwa sababu huenda mmoja wa hao watatu ndiye aliyelihitaji zaidi.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA

Katika kitabu cha Kutoka sura ya 31 tunamsoma Bezaleli, fundi ambaye Mungu alimjaza roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Ufundi wa mikono unatajwa pale kuwa kipaji cha Mungu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunamwona Mtume Paulo akikaa na Akwila na Prisila, wote wakishona mahema. Na katika sura ya 9 ya kitabu hichohicho, Dorkasi alipofariki, wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Hawakuonyesha fedha zake. Walionyesha kazi ya mikono yake, na kila nguo ilikuwa ushahidi kwamba aliwajali.

Mama fulani wa Jumuiya yetu anaweza kuwa Dorkasi wa mtaa wake, na mzee fulani Bezaleli. Wanachohitaji ni kuitwa, mkeka wa kukalia, na saa mbili kila Jumamosi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu ni nani waliokaa peke yao muda mrefu: wastaafu, wajane, wagane, wagonjwa, walezi wa wagonjwa? Nani atawatembelea wiki hii?

2. Ni kazi gani za mikono zilizojulikana na wazee wetu ambazo zinapotea? Nani bado anazijua?

3. Tunaweza kukutania wapi, siku gani na saa ngapi bila kuwazuia jirani zetu wa dini nyingine?

4. Tutafanya nini ili darasa lisigeuke kuwa ugomvi wa fedha?

5. Tukimwona mwenzetu ana dalili za sonona, tutampeleka wapi, na nani atamsindikiza?

Baada ya kujadili, msiishie kwenye maneno. Chagueni watu wawili wa kuzungumza na wanaojua kazi, na mmoja wa kuonana na mhudumu wa afya. Kisha wekeni tarehe ya kuanza kabla hamjafunga sala.

Tunawatakia afya njema ya mwili na roho.